Kuku wa Mama Chenga

Mashine ya kukata mkate ilipoanza kulia, wanawake wa geti la nyuma walikuwa wameshafika. Walikaa juu ya matairi chakavu kando ya ukuta, kila mmoja na gunia lake limekunjwa mapajani, wakisubiri. Mama Chenga alikaa mwisho kabisa, karibu na mfereji wa maji machafu. Wageni ndio waliogombea nafasi ya karibu na geti ili wapate harufu ya mkate wa moto, na wakija mara ya pili walisogea wenyewe kwenye mfereji. Harufu ile, kwa mtu ambaye hajala tangu jana, ni adhabu.

Kiwanda kilikuwa na mkate wake maalumu, mweupe pande zote, usio na ganda, kwa ajili ya mahoteli na mikutano ya wakubwa. Inaonekana wakubwa hawapendi kutafuna. Ganda lilikatwa na mashine, likaangukia kwenye beseni la bati, likasukumwa mpaka nyuma. Hapo mlinzi, ambaye walimwita Afande ingawa hajawahi kushika bunduki maishani mwake, alifungua kijilango na kuwagawia.

Siku hiyo alifungua huku anapiga miayo.

"Kuku wameamkaje, Mama Chenga?"

"Wameamka salama, Afande. Mmoja ana kikohozi."

"Mpe maji ya uvuguvugu na chumvi."

"Nimeshampa. Atakwenda shule hivyo hivyo."

Wenzake wakacheka chini chini. Wifi yake, dada wa mumewe, alicheka mpaka akashika ubavu, ingawa utani huo aliusikia kila asubuhi. Nyumbani kwa Mama Chenga hapakuwa na kuku hata mmoja. Palikuwa na watoto watatu, na mume aliyebaki na kidole gumba tu kwenye mkono wa kulia.

Mume huyo alikuwa mkataji wa mkate. Siku moja mashine ilikuwa imefunguliwa kinga yake kwa sababu ilikuwa inakwamakwama na oda ilikuwa kubwa, na msimamizi akasema iendeshwe hivyo hivyo. Ikala vidole vinne. Meneja alikwenda mwenyewe hospitali, na katoni ya juisi kwapani, akakaa pembeni ya kitanda na kusema kampuni haiwatupi watu wake. Mtu wa bima naye alikuja, akamwuliza mgonjwa maswali mengi kwa upole, akaondoka, na baadaye ikasemekana kwamba mkono ulikwenda kwenye mashine, si mashine iliyofuata mkono, kwa hiyo fidia hakuna. Ndipo meneja akarudi kitandani pale, akawauliza kama wanafuga chochote. Mke hakuelewa swali lile linatoka wapi. Mume, kwenye dawa na maumivu yake, akajibu kwamba wanafuga kuku, kwa kuwa waliwahi kuwa naye mmoja, wakamchinja siku mtoto wao wa kwanza alipofaulu mtihani.

"Basi," meneja akasema, "maganda ya geti la nyuma mtakuwa mnachukua bure, maisha yenu yote. Ila ni ya kuku. Mtu asile. Kampuni haiwezi kubeba lawama ya tumbo la mtu."

Wakapeana mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kwenye bandeji. Hakuna kilichoandikwa. Vidole vinne vikawa maganda ya mkate, na Mama Chenga akashukuru, akashukuru kweli, kwa sababu siku ile hakuwa na kingine cha kushika.

Wanawake wengine walijipachika nyuma yake kidogo kidogo, kila mmoja na kuku wake wa kubuni. Hakuwakatalia. Lililobaki lilikuwa kazi, na kazi aliijua. Aliyaanika maganda juu ya bati, akayatwanga kwenye kinu, akayachekecha. Unga laini aliukanda kwa mafuta, tangawizi na ndizi zilizopiga weusi ambazo wauza matunda humwaga jioni, akaoka biskuti kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu. Hizo zilikuwa za kuuza. Zile chenga zilizokataa kupita kwenye chekeche ndizo zilizopikwa uji wa nyumbani, na ndizo zilizompa jina.

"Kuku, njooni mle," baba yao aliwaita kila uji ulipoiva. Watoto walikuja wakipiga mbawa kwa viwiko, hasa kitinda mimba, ambaye aliamini kwamba kila familia ina jina lake la siri na la kwao ni hilo.

Biskuti aliziuza kwenye lango la hospitali, mahali wanapokaa watu wanaosubiri saa ya kuona wagonjwa. Hazikuwahi kulala. Nesi mmoja wa wodi ya wazazi alikuwa mteja wake wa kudumu, dada mnene mwenye maneno mengi.

"Unaweka nini humu wewe? Mimi nikianza siachi."

"Unga tu, dada."

"Unga gani?"

"Huu huu wa kawaida."

Mama Chenga alikuwa na sababu ya kufupisha maneno. Alishawahi kumwona nesi huyo huyo akitema nyama mbele ya muuzaji, kisa mtu amemnong'oneza kwamba nyama imetoka kwenye jiko la hoteli, iliyobaki kwenye karamu. Haikuwa imeoza, wala haikuwa imeguswa. "Mimi nile makombo ya watu?" alisema nesi, na tangu siku hiyo muuzaji yule hakuonekana tena langoni. Kwa hiyo unga ulikuwa wa kawaida, na mtu asiulize zaidi.

Ndivyo walivyoishi, mpaka asubuhi moja Afande alipowafungulia bila kuuliza habari za kuku.

"Kesho mnaitwa ndani," alisema. "Nyote. Kuna wageni wamekuja, wanauliza habari za maganda. Wanataka kujua nani anakula."

Beseni la bati liligongagonga kule ndani.

"Wamejua," wifi akasema. "Nani katoboa?"

"Sijui," Afande akajibu. "Nimeambiwa niwalete, mmeoga."

Njia nzima ya kurudi walishauriana, magunia kichwani. Kuna aliyesema wasiende kabisa. Kuna aliyesema wakilia watasamehewa. Mwisho walikubaliana na wifi, ambaye alikuwa na sauti kuliko wote: watakwenda, na wakiulizwa, maganda ni ya kuku. Hakuna anayekula. Hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kuonja. Hata wakionyeshwa, wakatae.

"Na mtu asilegee," wifi alimwambia Mama Chenga mbele ya mlango wake. "Nakujua wewe, ukiongeleshwa kwa heshima unatoa vyote."

"Ruhusa ni ya mkono wa kaka yako. Nitalegeaje?"

Mumewe alipoambiwa alijikuna kwenye kovu kwa gumba lile lililobaki. "Ukiulizwa, sisi ni wafugaji," alisema. "Tena wakubwa."

Kesho yake waliingizwa kwa mlango wa mbele, ambao Mama Chenga hakuwahi kuupita hata siku aliyokuja kuchukua nguo za damu za mumewe. Ukumbi wa chakula wa wafanyakazi ulikuwa umepangwa meza zenye vitambaa vyeupe. Upande wa dirishani walikaa watu wa maofisini, wenye vitambulisho shingoni, wakitafuna na kuchekeana. Upande wa jikoni wakakalishwa wao. Juu ya kila meza palikuwa na sahani ya biskuti, glasi ya maji na kishikwambi kilichochorwa nyuso tano, kutoka uso unaocheka mpaka uso uliokunjamana.

Dada wa maswali alikuja kwao amevaa viatu vya raba na tabasamu. Alikuwa msichana mwenye adabu. Aliinama kidogo alipowasalimia.

"Shikamooni mama zangu. Msiogope. Hapa hakuna jibu la kosa."

Mtu wa mwisho kumwambia mumewe maneno hayo alikuwa mtu wa bima.

"Mama, naomba uonje biskuti hii, halafu utaniambia."

Akaonja. Ilikuwa yake. Haikuwa yake, ilikuwa nyembamba zaidi na ya mviringo sawasawa, lakini ganda lile lilikuwa ganda lake, lenye ule uchungu mdogo wa kuungua kwa mbali. Hakuwa amekula kitu tangu jana mchana. Mate yakamjaa kinywani kwa ghafla mpaka akaogopa yataonekana.

"Ikoje, mama?"

"Si mbaya."

"Sasa nikikuambia kwamba imetengenezwa kwa maganda ya mkate yaliyobaki kiwandani, yale ambayo kwa kawaida hutupwa, utakubali kuila?"

Kwenye meza ya jirani wifi alikuwa ameshafikishwa na muulizaji mwingine kwenye swali hilo hilo. Alitema kwenye kiganja, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akasema kwa sauti ya kusikika dirishani, "Mwanangu, sisi ni maskini lakini si nguruwe." Baadhi ya watu wa vitambulisho waligeuka kutazama.

"Mama?" dada wa maswali aliuliza tena, taratibu.

"Hapana."

"Hapana, hutakubali?"

"Sili makombo, mwanangu. Maganda tunawapa kuku."

"Na watoto wako je? Kama ingekuwa ya bei rahisi sana, au bure kabisa shuleni?"

Alimfikiria yule wa kikohozi. Nusu ya biskuti ilikuwa bado vidoleni mwake. Akairudisha sahanini, akaisukuma sahani mbali kidogo, kwa kidole kimoja, ili asije akabadili nia.

"Hata bure. Wanangu hawali vitu hivyo."

"Kwa nini, mama? Nisaidie nielewe."

"Ni aibu," alisema, na hilo peke yake halikuwa la uongo.

Msichana aliandika kidogo, akaonekana kusikitika kweli. "Una kuku wangapi?"

"Wapo."

"Wengi?"

"Wanatutosha."

"Basi gusa hapa uso unaofanana na hisia yako."

Mama Chenga aligusa uso uliokunjamana. Kioo kikatoa mlio mdogo wa kushukuru. Walipotoka nje kila mmoja alipewa kipande cha sabuni, na wifi alicheka njia nzima, akiwaigiza wote kwa zamu: nani alikunja pua, nani alijifanya kutapika. "Tumewaweza," alisema. Hata Mama Chenga alicheka. Jioni alipopika uji wa chenga aliongeza sukari, na baba watoto alipiga mbawa kwa kiwiko cha mkono wake mbovu.

Maganda yaliendelea kutoka kama kawaida. Afande alirudia kuuliza habari za kuku. Wakasahau.

Msimu wa mvua ulipokaribia kwisha walikuta geti la nyuma limepakwa rangi. Kijilango kilikuwa na kufuli jipya. Kwa kupitia nafasi ya chini waliona mapipa meupe yenye vifuniko pale lilipokuwa beseni la bati, na vijana waliovaa glovu na kofia za nailoni wakiyasukuma kurudi ndani, kama wanasukuma wagonjwa.

"Afande," Mama Chenga aliita.

Alikuja, lakini hakufungua. Alisimama upande wa pili, wakaona viatu vyake tu.

"Maganda hayatoki tena," alisema. "Wanasema sasa ni malighafi."

"Mimi nina ruhusa."

"Najua."

"Ya maisha."

"Najua, Mama Chenga. Nenda kamwone mwenyewe meneja. Mimi usinisumbue, nina watoto."

Wifi na wenzake wakabaki kwenye matairi. Siku ile Mama Chenga hakwenda kwa meneja. Alikwenda hospitali na biskuti chache za mwisho kwenye ndoo yake. Nesi alimpita bila kusimama, halafu akarudi nyuma akicheka, akatoa kwenye mkoba kiboksi cha kijani chenye dirisha la nailoni.

"Samahani, leo sinunui. Hebu onja hizi nilizopata supamaketi. Zinataka kufanana na zako."

"Zina nini?"

"Zimetengenezwa kwa mkate uliookolewa. Zamani walikuwa wanautupa, fikiria. Ukila hizi unasaidia mazingira." Nesi aliligeuza boksi, akamsomea yaliyoandikwa nyuma, sentensi moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu aliyefurahi. "Ni ghali kidogo, lakini ukijua unachokula unaridhika. Wewe za kwako sijui hata umeweka nini."

Mama Chenga alifunika biskuti zake. Ndoo yake ilirudi nyumbani kama ilivyokuja.

Kesho yake alipanda kwa meneja. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno: kwamba hana kuku, kwamba wanaokula ni wanawe, kwamba hata yeye anakula, kwamba siku ile ukumbini alikuwa anataka kula sahani nzima. Atasema yote. Aibu haishibishi mtu, na ile ilikuwa imeshamgharimu vya kutosha.

Meneja alimpokea vizuri. Alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya mgonjwa, akatikisa kichwa kwa huruma aliposikia kwamba mkono unauma wakati wa baridi. Nyuma yake viboksi vya kijani vilikuwa vimepangwa kwenye kabati la kioo.

"Mzee, nimekuja kwa sababu ya maganda."

"Ndiyo, ndiyo. Nilijua mtakuja. Unajua, mama, mwanzoni sisi tulitaka biskuti hizi ziwe za watu wa kawaida. Bei ya chini kabisa, nyingine tugawe mashuleni. Wale wafadhili wetu ndivyo walivyotaka. Lakini hatutaki kuwaamulia watu. Tukasema tuwaulize wenyewe." Alifungua mikono. "Mkakataa. Wote wa upande wenu, bila kukosa hata mmoja. Hata bure, mlisema. Watu wa maofisini ndio waliozikubali. Sasa sisi tufanyeje? Tukapeleka kunakokubalika."

"Mzee, siku ile..."

"Hapana, usiombe radhi. Mlisema ukweli wenu, nami nawaheshimu kwa hilo." Akainamia mezani, sauti ikashuka. "Lakini kuna jambo jingine limenifikia. Kwamba kuna watu wa geti la nyuma walikuwa wanachukua maganda yale wanapika, wanauzia watu. Tena hospitali, mama. Kwa wagonjwa. Nilisema haiwezekani, mimi nawajua watu wangu. Mtu kama huyo nikimpata simfukuzi tu, namkabidhi polisi. Wewe hujasikia?"

Feni ilikuwa inazunguka juu yao. Maneno aliyoyapanga usiku yalikuwa bado yamekaa kwenye ulimi, moja nyuma ya jingine, na alihisi yanarudi kooni kwa mstari ule ule.

"Sijasikia, mzee."

"Nilijua. Na kuku wanaendeleaje?"

"Wapo."

"Wanataga?"

"Wanataga."

"Vizuri sana." Meneja aliegemea kiti, ameridhika. "Mimi siyo mtu wa kusahau ahadi. Nilimwambia mumeo kampuni haiwatupi watu wake. Kuku wako walikuwa wanategemea maganda yetu, na sasa tumeyachukua. Hiyo si haki. Nimeagiza uandaliwe kitu. Pitia stoo unapotoka."

Stoo walimpa gunia. Lilikuwa jipya, zito, limeshonwa kwa uzi mwekundu, na mbele lilichorwa kuku mweupe mnene mwenye kishungi. Kijana mwenye kamera alimwomba ashikane mkono na meneja juu ya gunia hilo, kisha wapige tena, kwa sababu mara ya kwanza hakutabasamu. Akatabasamu. Meneja alimpa mkono wa kulia, mkono mzima wa vidole vitano, laini. Akashukuru.

Aliposhuka, wenzake walikuwa kwenye matairi, wakimsubiri. Waliona gunia kichwani mwake wakainuka wote kwa pamoja.

"Umepewa?" wifi aliuliza. "Nilijua tu. Nilijua kwako hawawezi kukataa. Ni nini?"

Aligeuka ili waone picha. Wifi aliisoma, akaisoma tena. Alimshikia tu gunia upande mmoja lisimuelemee shingo, wakaenda.

Nyumbani watoto walimsikia kwenye kona wakatoka mbio. Gunia lililojaa hivyo hawajaliona siku nyingi. Walimsaidia kulitua, wakalizunguka, wa kikohozi akikohoa na kucheka. Mumewe aliinuka kitandani, akasimama mlangoni, akaangalia lile gunia, kisha akamwangalia mkewe. Kitinda mimba alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, na siku hizo alisoma kila alichokutana nacho, mabango, vibiriti, magazeti ya kufungia vitu. Alipiga magoti akaweka kidole juu ya herufi.

"Cha-ku-la. Bo-ra. Cha. Ku-ku." Akanyanyua kichwa, uso wote unang'aa. "Chakula cha kuku. Mama, wameandika jina letu."

Baba yake aligeuza uso ukutani.

Mama Chenga alikata uzi mwekundu kwa meno. Harufu ya pumba na dagaa waliosagwa ikapanda ikajaa chumba. Alichota konzi moja, akaitandaza kiganjani karibu na mwanga wa mlango, akaanza kutenga kwa kidole: pumba huku, chenga za mahindi huku, vipande vyeupe vya gamba la konokono huku. Aliangalia kwa muda mrefu yale mahindi.

"Kaniletee chekeche," alimwambia mtoto.

Kitinda mimba aliondoka akikimbia, akipiga mbawa kwa viwiko.